Sura ya Sita: Binti Asiye na Kadi

Chumba cha kumbukumbu za kaunti kilikuwa nyuma ya mahakama ya Hopeton, na mlango wake ulifungwa kwa kamba, kwa sababu kitasa kiliondoka na vita. Inspekta Gorpu Sackie aliifungua kamba mwenyewe, akaingia. Bwana Jlopleh, mtunza kumbukumbu, alikuwa ameketi juu ya kreti akila wali kwa kisamvu.

"Umerudi," alisema bila kusimama. "Jana nilikwambia hakuna majalada."

"Leo sitafuti majalada."

"Unatafuta nini?"

"Sijui bado."

"Karibu, basi. Vya namna hiyo tunavyo vingi."

Gorpu alisimama kidogo, akainamisha kichwa. Ilikuwa desturi yake kuomba kabla ya kugusa karatasi za watu waliokufa. Jlopleh aliacha kutafuna mpaka Gorpu aliposema amina, kisha akaendelea kula.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mzee Josiah Braxton alikufa zamani, kabla ya vita, bila wosia, akaacha nyumba kubwa ya mbao yenye veranda pande mbili. Tangu siku hiyo aliyekaa humo ni Mama Klade Braxton. Vita vilipita, yeye alikaa. Paa lilivuja, akaliziba. Mvua za mwaka huu zilipoanza, akashuka mtu kutoka Marekani, Lionel Braxton, mtoto wa ndugu yake Josiah. Akafungua mashtaka kwamba mama huyo si binti wa Josiah, ni mtoto wa kulelewa tu, mmoja wa wale waliotolewa vijijini wakapewa jina la nyumba. Hakimu alimwita Gorpu ofisini kwake, akamwambia, "Inspekta, swali langu ni moja. Yule ni damu ya Josiah au si damu yake? Akiwa damu yake, abaki. Asipokuwa, atoke. Niletee jibu Alhamisi."

Sasa ilikuwa Jumanne. Kupima damu kungehitaji maabara ya ng'ambo, na Lionel alikwisha kukataa kutoa hata tone.

"Watoto wa kulelewa waliandikishwa wapi?" Gorpu aliuliza.

"Hapa. Mlezi anakuja na mtoto na baba mzazi wa mtoto, baba anaweka dole gumba, hakimu anapiga muhuri. Majalada yalijaa ukuta ule." Jlopleh alionyesha ukuta mtupu kwa kijiko. "Yaliliwa na watatu: moto, panya, na wauza maandazi. Wauza maandazi ndio waliokula zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwa hukumu ya talaka."

"Na yale makabati madogo?"

"Kadi za majina. Ngumu sana, hazifai kufungia andazi."

Gorpu alivuta droo ya herufi B. Vumbi lilimwingia puani. Braxton, Josiah, alikuwa na kadi nne, na kila moja ilikuwa na jina la mtoto, kijiji chake, na jina la baba mzazi. Wote wavulana, wote kutoka Nanakpo, pwani ya Wakru, mwendo mfupi kusini mwa mji. Klade hakuwemo.

"Imepotea," Jlopleh alisema.

"Tazama namba. Moja, mbili, tatu, nne. Kadi ya mwisho ni ya mwaka wa baada ya Klade kuingia ile nyumba. Haikurukwa namba hata moja."

"Mzee alisahau kumwandikisha."

"Amewakumbuka wavulana wanne, akasahau msichana mmoja?"

"Alichoka. Watoto wanachosha, Inspekta. Mimi ninao saba, kuna mmoja mpaka leo simwiti kwa jina lake sawasawa."

Gorpu hakucheka. Alizirudisha kadi kwa mpangilio wake, akafunga droo. "Ukichukua mtoto wa watu, unakwenda kwa hakimu. Mtoto wako mwenyewe utamwandikisha kwa nani?"

Jlopleh alilamba kijiko, akafikiri. "Hilo ni wazo zuri," alisema. "Lakini ni wazo. Hakimu atataka kushika kitu mkononi."

*

Lionel Braxton alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya kanisa. Gorpu alimkuta akinywa bia ya tangawizi, shati limemganda mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia Gorpu kiti, akamuuliza habari za mguu wake, maana alimwona akichechemea.

"Baba yangu alikufa kwenye chumba cha kupanga kule Baltimore," alisema, "akiitaja ile veranda. Huyu mama simchukii, Inspekta. Nitampa kitu cha kuanzia. Lakini nyumba ni ya damu."

Akatoa nakala ya cheti cha ubatizo. *Klade, mtoto wa kulelewa katika nyumba ya Bw. J. Braxton.* Mwandiko ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja kama nyasi za upepo.

"Mwaka huo karani wa kanisa alikuwa nani?"

Lionel alikohoa. "Madam Araminta. Mke wa ami yangu."

"Mke mwenyewe wa Mzee Josiah ndiye aliyeandika maneno haya?"

"Alikuwa na mwandiko mzuri."

"Sina shaka," Gorpu alisema. "Kwa hiyo tuseme mume amezaa nje, mtoto ameletwa ndani, na kalamu iko mkononi mwa mke. Wewe ungetegemea aandike nini?"

"Ningetegemea ukweli. Lilikuwa kanisa."

Alilisema hilo kwa moyo safi kabisa, na Gorpu akaona kwamba mtu huyu angeweza kuapa nalo mahakamani bila kope kumcheza.

*

Mama Klade alimpokea verandani, amevaa gauni la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne. Tangu mashtaka yaletwe alivaa hivyo kila siku, asije akatolewa nje amevaa kanga ya kazini. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, amenyooka, na sauti ya mtu aliyefundishwa kutofungua mdomo sana.

"Papa aliniita mwanangu," alisema.

"Na wale wavulana wanne?"

"Nao aliwaita wanangu."

"Aliwapa nini?"

"Chakula, shule, na kuni za kupasua, kama sisi sote."

"Nani alikuwa akiwachapa?"

Mama Klade alimtazama kana kwamba swali lile halikuwa la heshima. "Ma. Ma aliwachapa wote. Mkono wake ulikuwa mwepesi."

"Na wewe?"

"Mimi hakunichapa hata siku moja."

"Alikupenda?"

"Hakunitazama, Inspekta. Nilikaa naye mpaka nikamfumba macho, lakini yeye hakuwahi kunitazama usoni. Chumvi akiitaka mezani, aliwaomba wavulana."

Gorpu aliliandika hilo kwenye daftari lake. "Kabla hujaja hapa unakumbuka nini?"

"Sikulelewa kusema mambo ya jikoni."

"Mama, keshokutwa utasimama kwa hakimu. Yaseme ya jikoni."

Alijinyoosha gauni magotini. Mwishowe mama alisema, akitazama barabara, kwamba siku za kufua alikuwa akija mwanamke na samaki wa moshi. Hakuruhusiwa kupita ngazi za jikoni. Alikaa pale, akampa Klade kichwa cha samaki, akamwita kwa jina fupi ambalo hakuna mwingine alilitumia. Klade alipofikia umri wa kwenda shule, Ma alimfukuza mwanamke huyo, hakuonekana tena.

"Alitoka wapi?"

"Nanakpo. Nguo zake zilinuka moshi wa Nanakpo. Jina lake Nyonoh. Sijui kama yu hai."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Hakuna aliyeniuliza," Mama Klade alisema. "Na mimi ni Braxton."

*

Nyonoh alikuwa hai, huko huko Nanakpo. Alikuwa mzee wa kupindukia, mdogo kama mtoto, ameketi nyuma ya chanja ya kukaushia samaki akiwafokea wajukuu. Gorpu, ambaye alikuwa Mkpelle wa bara na hakujua neno la Kikru, alijiandaa kutafuta mkalimani. Hakukuwa na haja.

"Nimeuza bandarini kwa lugha zote miaka mingi kuliko hicho cheo chako," bibi alisema. "Kaa. Si hapo, hapo moshi utakuvua macho. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Nimekuja kwa habari za Klade."

Bibi aliweka chini samaki aliyekuwa mkononi. "Klade wa dada yangu?"

"Dada yako ndiye mama yake?"

"Sasa alizaliwa na nani, na mwembe? Dada yangu Tanneh ndiye aliyemzaa. Alikuwa akifua kwa Braxton. Akafa Klade hajaota meno yote."

"Baba yake Klade?"

"Subiri, unanikimbiza. Tanneh alikuwa na mume, Tugbeh Nimely. Tugbeh alikwenda na meli, kazi za vijana wetu wakati ule. Akakaa huko. Aliporudi, akamkuta Tanneh ana tumbo hivi." Alionyesha kwa mikono miwili. "Sasa kwetu mke huyo lazima amtaje mtu. Asipomtaja, siku ya uchungu mtoto anafunga njia, wanakufa wote wawili. Wazee wakaitwa. Tanneh akataja."

"Akamtaja nani?"

"Braxton. Nani mwingine? Na Braxton akaja mwenyewe, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja chungu. Akalipa fidia. Mbuzi, vitambaa, na dumu la ramu."

"Wewe ulikuwepo?"

"Mbuzi nilimla mimi! Paja la kulia. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Wajukuu walicheka. Gorpu naye alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kadi iliyokosekana, mke asiyemtazama mtoto, karani mwenye kalamu, na sasa mbuzi wa fidia. Vyote vilielekeza mahali pamoja. Alimshika bibi mkono uliojaa magamba ya samaki.

"Mama, Alhamisi utakuja kwa hakimu uyaseme haya?"

"Wanamsema nini mtoto wetu huko?"

"Wanasema hana baba."

Uso wa bibi ulibadilika. "Klade? Hana baba? Nani anasema?"

"Mtu kutoka Marekani."

"Nitakuja," Nyonoh alisema. "Nitaapa kwa Biblia yao, nitaapa na kwa ardhi. Waje wanisikie."

Njia nzima ya kurudi Gorpu alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliandika ripoti yake jioni hiyo bila kufuta mstari hata mmoja.

*

Alhamisi mahakama ilijaa. Mama Klade aliketi mbele na kofia yake ya kanisani. Lionel aliketi ng'ambo na wakili kijana aliyevaa tai ya manjano. Nyonoh alipandishwa kizimbani na wajukuu wawili, akaapa kwa nguvu hata hakimu akatabasamu.

Alisema yote kama alivyoyasema ufukweni. Meli, tumbo, jina, kofia mkononi, paja la kulia. Watu walicheka pale pale wajukuu walipochekea. Wakili wa tai ya manjano aliacha kuandika. Gorpu alimwona Lionel akifunga macho.

Hakimu aliegemea mbele. "Kwa hiyo, Mama, Josiah Braxton ndiye baba yake Klade."

"Nani?" bibi alisema.

"Braxton."

"Braxton amekuwaje baba?"

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Umesema alilipa fidia," hakimu alisema.

"Alilipa. Kwa kuvunja ua wa mtu. Mheshimiwa, wewe kwenu wapi? Mbuzi wa jirani ameingia shambani kwako, amekula mihogo, jirani amekulipa. Sasa shamba limekuwa la jirani?"

Kicheko kililipuka. Hakimu aligonga meza. "Mama, mbele ya mahakama hii na kwa kiapo chako, taja baba yake Klade."

"Tugbeh Nimely," Nyonoh alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Tugbeh aliyelipa mahari ya dada yangu yote, mbele ya mashahidi, hakubakiza. Kitanda hakizai haramu! Klade si mtoto wa nje, si wa kuokotwa. Ana baba. Baba yake alimkabidhi kwa Braxton alelewe asome, kama watoto wengine wa Nanakpo walivyokabidhiwa. Basi. Anayesema hana baba aje aniambie mimi."

Akageuka, akamtazama Mama Klade, akampungia mkono kwa furaha.

Gorpu alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, naomba shahidi aulizwe ni nani aliyempa dada yake mimba."

"Alikuwepo?" wakili aliuliza upesi.

"Niliwashikia taa?" bibi alijibu, na watu wakacheka tena.

"Aulizwe kuhusu kadi," Gorpu alisema. "Baba huyo angemkabidhi, pangekuwa na kadi na dole gumba lake. Haipo."

"Inspekta," hakimu alisema, si kwa ukali, "katika chumba kile nusu ya kaunti haina kadi. Nami sina."

Akaahirisha kwa muda mfupi.

Ukumbini Gorpu alimkuta bibi akipewa maji. "Umeona nilivyomsafisha?" Nyonoh alisema. "Walitaka kumwita mwanaharamu mbele ya mji mzima."

"Mama, walitaka kumtoa kwenye nyumba. Ukisema ni wa Tugbeh, anatoka."

"Atatoka aende wapi, na kwao kupo? Nyumba ya Tugbeh ipo. Imebaki kuezekwa upande mmoja."

"Anayo miaka sitini katika ile nyumba."

"Na mimi sitini nimemngoja."

"Mama yangu, nakuomba. Rudi useme tu kwamba Braxton alimzaa."

Nyonoh alishusha kikombe. Alimtazama Gorpu kwa makini, kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe ni Mkpelle," alisema. "Kwenu mtoto ni wa nani?"

Gorpu alitazama viatu vyake. Kwao Bong, kaka yake mkubwa alifanana na seremala wa kijiji cha pili, macho, masikio, hata mwendo. Hakuna aliyewahi kulisema. Kaka huyo ndiye aliyemzika baba yao, na ndiye aliyerithi shamba, na Gorpu mwenyewe angempiga kofi mtu ambaye angesema si haki. Alilijua hilo tangu utoto. Siku ile mbele ya chanja hakulikumbuka, kwa kuwa alikuja akitafuta damu, na bibi alipomtajia damu akafunga daftari lake asiulize zaidi.

"Kwetu pia," alisema mwishowe.

"Basi unanifundisha kuapa uongo, askari?"

"Hapana, Mama."

"Nilidhani."

Hakimu hakukawia. Alisema kwamba mbele yake kulikuwa na jina lililotajwa na marehemu aliyeogopa kufa kwa uzazi, na kulikuwa na baba aliyetajwa kwa kiapo na ndugu wa marehemu aliye hai. Pamoja na cheti cha kanisa, hakuwa na njia nyingine ila kushika kiapo. Hakuona ulaghai kwa Mama Klade, naye asishtakiwe kwa jinai. Nyumba ikabidhiwe kwa Lionel Braxton kabla ya jua kuzama, na Inspekta Sackie asimamie.

*

Gorpu alifika kwenye nyumba wingu likiwa limetanda. Lionel alikataa kuja, alisema atangoja funguo kanisani. Mama Klade alikuwa na sanduku moja mlangoni na kofia yake bado kichwani.

"Nilijaribu," Gorpu alisema.

"Nilikuona, mwanangu. Mungu alikuona." Alinyoosha mkono na funguo, kisha akaurudisha. "Ngoja. Mvua inakuja."

Akaingia ndani. Gorpu alimsikia akitembea chumba hadi chumba akifunga madirisha, moja lilikwama, akalisukuma kwa bega, akaenda kwenye jingine. "Papa hapendi mvua iingie sebuleni," alisema kutoka huko, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Gorpu alianza kuomba, na sala ikaishia kwenye neno la kwanza.

Chini ya ngazi, Nyonoh alisimama na wajukuu wake na mkokoteni waliouazima kwa ajili ya sanduku. Walikuwa wamekuja na jani la mgomba la kumkinga ndugu yao na mvua. Mama Klade alitoka, akafunga mlango, akauvuta kuhakikisha, akaweka funguo kwenye kiganja cha Gorpu.

"Klade Nimely!" bibi aliita, sauti imejaa shangwe. "Klade Nimely, shuka twende nyumbani!"

Mama Klade alisimama verandani akitazama barabara, kama mtu anayesubiri mwenye jina hilo atokee. Matone yakaanza kuanguka. Bibi akaita tena.

Gorpu alimgusa kiwiko. "Mama," alisema, "ni wewe unayeitwa."